Mionzi, Panya na Amana ya Khabari

Mas-ala tunayotaka kuyatazama leo ni haya: je, yafaa mtu kuitetea haki kwa khabari ambayo hakuihakikisha? Mtu akiulizwa swali hili likiwa peke yake, hujibu upesi kuwa haifai. Lakini jambo lenyewe linapomgusa nyumbani kwake, na akaona kwamba mwenye nguvu ataka kumdhulumu, jibu lile hulisahau. Huokota neno lolote lililo karibu akalifanya silaha, bila ya kuuliza limetoka wapi. Tumependa kulichungua jambo hili kwa mfano ulio mbali kidogo na mazungumzo yetu ya kila siku, nao ni mfano wa mionzi na panya wa mwituni. Twawaomba wasomaji wasiudharau. Ndani yake mna kilima chetu, mna pwani yetu, na mna heshima ya watoto ambao bado hawajazaliwa.

Sababu ya kuliandika jambo hili ni maneno ya barazani. Ukipita Kibokoni au Kuze baada ya isha, au ukikaa kando ya Ndia Kuu pale kahawa inapouzwa, hukosi kusikia siku hizi neno "mionzi". Watu hulitaja kwa sababu mbili. Ya kwanza ni Kilima cha Mrima, kilichoko Kwale, kusini ya Mombasa, si mbali na mpaka wa Tanzania. Mawe yake yana niobiamu na madini mengine adimu yanayotakiwa sana na viwanda vya ulimwengu, na pamoja na hayo yana thoriamu, ambayo hutoa mionzi kwa tabia yake. Ya pili ni azma ya serikali ya kujenga kituo cha umeme wa nyuklia. Uyombo, katika Kaunti ya Kilifi, palitajwa kuwa mahali pake. Watu wa huko wakapinga, na mwaka 2024 wakaandamana. Kisha mwaka 2025 mazungumzo yakageukia Siaya, ufukoni mwa Ziwa Victoria.

Katika maneno hayo tumesikia makundi mawili. Kundi la kwanza lasema: mionzi imekwisha kutuharibu, wanyama wa kilimani wazaa viumbe vya ajabu, na watu wa huko damu yao si salama. Ukiwauliza wameyajua vipi, husema: yamesemwa, na ujumbe umekuja katika simu. Kundi la pili lajibu: hakuna ushahidi wa madhara, basi hakuna madhara; nyamazeni, yaacheni maendeleo yapite. Sisi twaona kwamba makundi haya, ijapokuwa yagombana, yameshiriki katika kosa moja. Yote mawili yamekuchukua kutojua yakakuita kujua. La kwanza halikupima, likasema "pana madhara". La pili halikupima, likasema "hapana".

Kwanza tufahamu jambo lenyewe lilivyo. Kila kiumbe kilicho hai kina ndani ya mwili wake maandishi madogo mno, yasiyoonekana kwa jicho, yanayoeleza namna ya kuumbika kwake. Wataalamu huyaita jeni. Maandishi hayo hunakiliwa kila chembe ya mwili inapogawanyika, na hunakiliwa tena mzazi anapompa mwanawe urathi wake. Waliopata kuona miswada ya zamani ya nchi yetu, iliyoandikwa kwa mkono, walifahamu hili bila ya taabu. Mwandishi awe hodari vipi, kalamu huteleza. Herufi moja ikibadilika, mara nyingine maana haiharibiki. Mara nyingine neno zima hupotea. Na atakayenakili kutoka nakala ile hulichukua kosa lile bila ya kujua. Mionzi ni katika vitu vinavyozidisha kuteleza kwa kalamu. Hermann Muller wa Marekani ndiye aliyelionyesha hilo mwaka 1927, alipowapiga nzi wadogo wa matunda kwa eksirei na kuwaangalia wajukuu wao. Na kwa kazi hiyo alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1946.

Kutokana na haya twaona kuwa madhara ya mionzi ni ya namna mbili, na kila namna ina hukumu yake katika insafu. Namna ya kwanza ni dhara la mwili wa aliyepatwa: kuungua, kuugua, saratani. Dhara hili lina mwenyewe. Aweza kulalamika, aweza kushitaki, aweza kulipwa. Namna ya pili ni dhara la mbegu, ambalo mzazi halisikii, bali humfikia mwana au mjukuu. Mwenye dhara hili bado hayupo duniani. Hana mdomo wa kulalamika, hana wakili, na siku atakapokuja huenda aliyemdhulumu amekwisha kufa. Kwa hiyo dhara la pili, hata likiwa dogo kwa hesabu, ni zito kwa dhamana. Ni kama mali ya yatima: wepesi wake wa kuliwa ndio unaoizidishia amana yake.

Sasa mtu atauliza: panya ameingiaje hapa? Ameingia kwa sababu tatu. Kwanza, mwanadamu huchukua miaka 25 au zaidi kwa kizazi kimoja, na mtafiti hawezi kuishi akaona vizazi 10 vya watu. Panya huzaa akiwa na miezi tu, na katika umri wa mtafiti mmoja aweza kuonekana yeye na vitukuu vyake na vining'ina vyake. Pili, mnyama mdogo wa mwituni huishi ndani ya udongo ule ule wenye mionzi. Alala ndani yake, na ala mbegu na majani yanayotoka humo. Tatu, panya hasikii uvumi. Mwanadamu akiambiwa kuwa ardhi yake ina sumu, huumwa na kichwa kwa khofu kabla ya sumu kumfikia. Panya haambiwi, wala hana shauri na serikali. Yeye ni shahidi asiye na upande.

Basi na tutazame ushahidi wake. Tarehe 26 Aprili 1986 tanuri la nyuklia la Chernobyl, katika Ukraine iliyokuwa wakati ule sehemu ya Muungano wa Kisovieti, lililipuka. Watu walihamishwa katika nchi iliyolizunguka kwa kadiri ya kilomita 30. Wanyama walibaki. Miaka ilipopita, wataalamu wa Marekani, miongoni mwao Robert Baker wa Chuo Kikuu cha Texas Tech na Ronald Chesser, walikwenda kuwatega panya wadogo wa mwituni wenye mkia mfupi. Waliyasoma maandishi ya sehemu ya chembe iitwayo mitokondria, ambayo mwana huyapata kwa mamake tu, wala babake hana fungu ndani yake. Twaweza kusema kuwa waliifuata nasaba ya panya wale kuukeni. Tarehe 25 Aprili 1996, ikiwa imebaki siku moja kutimia miaka 10 tangu mlipuko, jarida la Nature la Uingereza lilichapisha matokeo yao: urathi wa panya wa Chernobyl wabadilika kwa kasi kubwa mno kuliko ilivyo desturi.

Tafakarini hali ya watu wale. Waliyoyasema ndiyo ambayo watu wengi ulimwenguni walikuwa tayari kuyaamini. Jarida lililowachapisha ni katika majarida yenye heshima kubwa kabisa. Tena waliyoyasema yaliunga mkono jambo jema, yaani kuwatahadharisha watu na khatari ya kweli. Lau wangenyamaza hapo, wangalisifiwa mpaka leo. Lakini walirudi kuzisoma sampuli zile kwa mashine mpya iliyosoma kwa uhakika zaidi, na tofauti zile walizozitangaza hawakuziona. Kalamu iliyoteleza haikuwa ya panya. Ilikuwa ya waliomsoma. Basi Novemba 1997, katika jarida lile lile, mbele ya wasomaji wale wale, wakaandika kuwa wameyaondoa maneno yao.

Na kisa hakikuishia hapo. Miaka 20 baadaye, katika mwaka 2017, Baker pamoja na wenzake wengine walitoa uchunguzi mpya wa panya wa mwituni wa namna nyingine, kwa vyombo ambavyo mwaka 1996 havikuwako. Walisoma mitokondria nzima za panya 131, wa pahali penye mionzi na wa pahali pasipo nayo, baada ya kupita vizazi kama 50 tangu mlipuko. Mara hii waliona kwamba panya wa pahali penye mionzi wana tofauti nyingi zaidi za urathi. Lakini hawakuigeuza tofauti kuwa ugonjwa. Wapo wataalamu wengine, kama Anders Møller na Timothy Mousseau, walioandika kuwa ndege na wanyama hupungua pale mionzi inapozidi. Na wapo walioonyesha kuwa wanyama wakubwa wamejaa katika nchi ile tangu wanadamu walipoondoka. Mjadala huo waendelea, nao waendelea kwa kupima.

Twauliza: kwa nini neno la mwaka 2017 lilisikilizwa? Kwa sababu msemaji wake alijulikana kuwa ni mtu anayeliondoa neno lake likidhihirika kuwa si sahihi. Lau angaling'ang'ania lile la kwanza, akafedheheshwa na wengine, la pili lisingalipata wa kulisikia hata kama ni la kweli. Hili ni fundisho kubwa kwa kila mwenye kutetea haki. Uwongo anaouingiza mtu katika hoja yake hauli hoja ile peke yake. Hula na zile zitakazokuja baadaye.

Tena uvumi hauishii katika kuvunja hoja. Una watu unaowadhulumu kwa majina yao. Baada ya mabomu ya Hiroshima na Nagasaki ya mwaka 1945, watu waliosalimika walibeba mzigo juu ya mzigo. Wengi walikataliwa katika ndoa kwa kuogopewa kuwa watazaa watoto walioharibika. Wataalamu, akiwamo James Neel wa Marekani, waliwachunguza watoto zaidi ya 70,000 waliozaliwa katika miji ile kati ya mwaka 1948 na 1954. Hawakuona kuzidi kwa wazi kwa kasoro za kuzaliwa katika watoto wa waliopigwa na mionzi. Hatusemi kuwa mabomu yale hayakudhuru. Yaliua maelfu kwa maelfu, na walionusurika wengi waliugua saratani. Lakini kuwa watoto wao wameharibika asili yao, hilo lilisemwa na kuaminiwa pasipo na ushahidi, na kwa neno hilo wasichana waliokuwa wazima walikosa kuolewa.

Enyi watu wa Mombasa, ninyi ni watu mnaojua uzito wa poso. Mwajua jinsi nyumba inavyouliziwa kabla ya mshenga kutumwa: ukoo wake, tabia yake, maradhi yake. Sasa yule mwenzetu anayekaa barazani akasema "watu wa kule kilimani damu yao imeharibika", naye akidhani kuwa awatetea, je, amefikiri neno lake litafika wapi? Litafika katika nyumba ya mtu asiyemjua, siku atakapokuja mtu kumposa binti yake. Mwenye kampuni ya madini hatadhurika kwa neno lile hata kidogo. Atakayedhurika ni yule yule aliyekusudiwa kutetewa.

Tuirejee Mrima yenyewe. Ni kilima chenye msitu, na msitu huo ni kaya ya Wadigo. Wazee wa huko wameuhifadhi tangu zamani, na serikali imeuweka kuwa hifadhi ya msitu na kumbukumbu ya taifa. Wataalamu wamekwenda kupima, na wamekuta kuwa mionzi ya udongo wake imezidi mara kadhaa wastani wa ulimwengu. Hili ni la yakini, mtu asilikane. Lakini mionzi hii haikuletwa na bomu wala kiwanda. Imo katika mawe tangu kuumbwa kwa kilima, na watu na wanyama wameishi kando yake vizazi vingi.

Na si Mrima peke yake iliyo hivi. Wazee wetu wa baharini waliijua pwani ya Malabar, katika Kerala ya India, ambako majahazi yao yalikuwa yakienda na kurudi kwa misimu. Katika sehemu ya pwani ile mchanga una thoriamu nyingi. Mwaka 2002 Peter Forster na wenzake walitoa uchunguzi wa watu 988 wa familia 248, wengine waishio juu ya mchanga ule na wengine waishio visiwani karibu yake pasipo na mionzi hiyo. Nao pia walisoma mitokondria, nasaba ya kuukeni. Waliona kuwa katika familia zilizoishi juu ya mchanga ule mabadiliko ya herufi za urathi yamezidi. Lakini wataalamu wengine walipowahesabu wagonjwa wa saratani wa pwani ile ile kwa miaka mingi, hawakuona kuwa saratani imezidi kwa sababu ya mionzi ya mchanga. Basi twajifunza kuwa mambo matatu hayafai kuchanganywa: kuwapo kwa mionzi ni jambo moja, kubadilika kwa urathi ni la pili, na kuugua ni la tatu. Anayetoka katika la kwanza akaruka mpaka la tatu bila ya kupita la pili ameruka shimo asilolipima.

Hapa tutapingwa kwa hoja yenye nguvu, wala hatutaki kuificha. Mpinzani wetu atasema: "Ninyi mwasema tungojee yakini. Lakini mwenye mtambo hangoji. Mpaka yakini ije, mlima utakuwa umekwisha kuchimbwa. Mnyonge hana maabara, hana fedha za kupima vizazi 50. Silaha yake ni kelele tu. Mkimnyang'anya hiyo, mmemsaidia mwenye nguvu."

Twamjibu hivi. Kwanza, hatukusema mnyonge angojee yakini ndipo aseme. Twasema aliseme lile analolijua kwa kadiri anavyolijua. Kusema "kilima hiki kina mionzi iliyopimwa, tunakhofu kuwa kukichimba kutautawanya udongo wake katika hewa na maji yetu, hatutakubali mpaka tuonyeshwe kwa vipimo kuwa tu salama" ni neno la kweli lote, nalo ni kali kuliko uvumi. Khofu yenye sababu ni hoja. Inayokuwa si hoja ni khofu iliyovaa nguo ya yakini.

Pili, mzigo wa kuthibitisha hauko juu ya mnyonge. Mtu akitaka kuchimba kisima kando ya ukuta wa jirani, ni juu yake kuonyesha kuwa ukuta hautaanguka. Si juu ya jirani kungoja uanguke ndipo aseme. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imelikubali jambo hili. Imempa kila mtu haki ya mazingira safi, ikataja na vizazi vijavyo; na imeeleza kuwa anayekwenda mahakamani kuidai haki hiyo si lazima athibitishe kuwa kuna mtu amekwisha kudhurika. Tena imempa raia haki ya kutaka khabari zilizo mikononi mwa serikali. Basi ikiwa sharia haikumtaka mtu atoe mgonjwa ndipo asikilizwe, ya nini kumbuni mgonjwa?

Tatu, tazameni yaliyopita. Mwaka 2013 serikali iliifuta leseni ya kampuni ya kigeni iliyotaka kuchimba Mrima. Kampuni ikaishitaki Kenya mbele ya baraza la kimataifa la usuluhishi, na mwaka 2018 madai yake yakakataliwa. Kilichoamua si kisa cha panya wa ajabu. Ni kwamba leseni ile haikuyatimiza masharti ya sharia za nchi, na miongoni mwake ni yale ya kuchungua mazingira kabla ya kuchimba. Jambo dogo la kweli, lililoandikwa katika karatasi, lilitosha.

Na katika Mombasa yetu, upande wa bara, mtaa wa Owino Uhuru ulidhurika kwa risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Risasi si mionzi, lakini mfano watufaa. Bibi Phyllis Omido, ambaye mwanawe alikuwa ameugua, hakutosheka na kusema kuwa hewa ni mbaya. Damu ilipimwa, ya mwanawe na ya wengine, na risasi ikaonekana. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Watu wale walikuwa wanyonge kuliko wengi wetu tukaao barazani. Kilichowabeba katika safari ile ndefu ni vipimo visivyoweza kukanwa. Lau katika madai yao wangalichanganya kweli kumi na uwongo mmoja, wakili wa upande wa pili angaliushika ule mmoja na kuziacha zile kumi.

Baada ya kuwajibu hao, twawageukia wale wa kundi la pili, maana nao hawakusalimika. Kusema "hakuna ushahidi" kuna maana mbili. Mtu aweza kuwa ametafuta kwa bidii na hakuona, nalo hilo ni neno lenye thamani. Au aweza kuwa hakutafuta kabisa, na hapo neno lake ni kama la mlinzi aliyelala akaamka akasema kuwa hakumwona mwizi. Mwenye mamlaka aliyepewa fedha za umma, vyombo na wataalamu, asipopima amekhini. Akipima akaficha amekhini mara mbili. Kuchapisha vipimo, vikiwa vya kupendeza au vya kuchukiza, ni deni lake kwa watu. Na uvumi wa barazani mara nyingi huzaliwa na deni hilo lisilolipwa: mahali pasipofikiwa na khabari, maneno hujaza nafasi.

Lipo swali la mwisho. Mtu atasema: "Mmezungumza juu ya panya kama shahidi wetu tu. Je, yeye mwenyewe hana haki?" Twasema anayo. Mnyama si chombo cha maabara pekee. Ni kiumbe chenye maisha yake, na sisi tutaulizwa juu yake. Katika misitu ya pwani yetu kuna sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, anayetafuta wadudu katika majani makavu chini ya miti. Chernobyl imetufunza jambo la kutahayarisha, kwamba wanyama wakubwa waliongezeka katika nchi yenye mionzi kwa kuwa mwanadamu ameondoka. Maana yake ni kuwa shoka letu, bunduki yetu na kishindo chetu huenda ni vikali kwao kuliko mionzi yenyewe. Basi msitu wa kaya ukikatwa, sange hatangoja urathi wake ubadilike katika vizazi 50. Atakufa msimu ule ule kwa kukosa pa kulala na pa kula. Dhara hili ni la yakini, laonekana kwa macho, wala halihitaji mashine. Ni ajabu kuwa twaliacha lililo wazi tukaenda kutafuta la kutisha.

Kwa hayo tuliyoyaeleza, twaona kuwa khabari zote za namna hii zapasa kuwekwa katika daraja tatu. Daraja la kwanza ni yakini: lililopimwa, likapimwa tena na wasiokuwa na maslahi, likachapishwa. Hili na lisemwe waziwazi. Daraja la pili ni dhana yenye sababu: halijathibiti, lakini lina dalili. Hili na lisemwe pamoja na neno lake la tahadhari, wala neno hilo lisikatwe ili maneno yapate kutisha. Daraja la tatu ni uvumi: hauna mwenyewe wala dalili. Huu na ufe kwa aliyeusikia. Ukija katika simu usipelekwe kwa mwingine; na aliyekwisha kuupeleka, kisha akajua kuwa si kweli, na aandike kwa wale wale aliowapelekea kuwa ameuondoa, kama walivyofanya wale wataalamu wa Texas. Kuliondoa neno kwa siri baada ya kulitangaza hadharani hakutoshi, kwa sababu lililotoka limekwisha kuingia katika nyumba za watu.

Jibu letu kwa swali tuliloanza nalo, basi, ni kuwa haifai. Haki haitetewi kwa khabari isiyohakikishwa, hata adui awe mkubwa, hata nia iwe njema. Mwanadamu atakayezaliwa Mrima au Kilifi baada ya miaka 100 ana haki mbili juu yetu leo. Ana haki tusimrithishe udongo, maji na mbegu zilizoharibiwa kwa tamaa yetu. Na ana haki tusimrithishe sifa mbaya aliyozuliwa kabla ya kuzaliwa. Anayeitimiza haki ya kwanza kwa kuivunja ya pili hajamwokoa. Amembadilishia dhulma moja kwa nyingine. Basi ulizeni vipimo, viombeni kwa maandishi kwa wale wanaovishika, visomeni pamoja na vijana wenu waliosoma, na mkutanapo na maneno mazito yasiyo na mwenyewe, muulizeni aliyeyaleta: umeyapata kwa nani, naye ameyapima na nini?